Maswali na Majibu: Tommy, Greg na filamu iliyovurunda

Maswali ya wiki hii yote ni ya The Room, sinema ya Marekani ya mwaka 2003 inayohesabiwa miongoni mwa mbovu kuliko zote, na ya marafiki wawili walioitengeneza: Tommy Wiseau na Greg Sestero.

Watu wasiofanana hivyo walikutanaje? (Msomaji, Morogoro)

Mwaka 1998, San Francisco, kwenye darasa la uigizaji la Jean Shelton. Greg alikuwa kijana wa karibu miaka 20, sura nzuri, ila akipanda jukwaani woga unamkaba. Tommy, mwenye nywele ndefu nyeusi na lafudhi ya Ulaya Mashariki huku akidai ni mtu wa New Orleans, alipanda akaigiza kipande cha tamthilia ya A Streetcar Named Desire kwa makelele, akaharibu kila kitu na asione haya hata chembe. Wenzake walishangaa. Greg akamfuata, akamwomba waigize pamoja. Kijana alikuwa na kila kitu isipokuwa uthubutu, na Tommy alikuwa nao wa kumwaga.

Kaka, hela za filamu Tommy alizitoa wapi? (Msomaji, Nakuru)

Mwenyewe alisema aliingiza jaketi za ngozi kutoka Korea, na San Francisco alikuwa akiuza nguo. Gharama inayotajwa ya filamu ni dola milioni 6. Kamera hakukodi, alinunua, tena mbili: moja ya mkanda, nyingine ya kidijitali. Akazifunga bega kwa bega zirekodi tukio moja kwa pamoja. Kichochoro halisi kilikuwepo palepale nje ya studio, yeye akajengesha cha bandia.

Kama Greg aliona mambo yanaharibika, kwa nini alikubali kucheza? (Msomaji, Tanga)

Fadhila, na njaa ya kazi. Huko Los Angeles alikuwa akiishi kwenye fleti ya Tommy kwa kodi ya kirafiki. Kwanza aliajiriwa upande wa utayarishaji tu. Upigaji picha ulipokaribia, Tommy akamwahidi pesa na gari jipya achukue nafasi ya Mark, ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Sasa tazama Mark ni nani. Ni rafiki wa kufa na kuzikana wa Johnny, anayemchukulia mchumba wake, Lisa. Johnny ni Tommy. Greg anasimulia kwamba kabla ya hapo walitazama pamoja filamu ya The Talented Mr. Ripley, hadithi ya urafiki wenye husuda, na jina Mark likatokana na Tommy kukosea jina la mwigizaji wake, Matt Damon. Kwa maoni yangu, mtu huyu aliandika hofu yake ya kusalitiwa, kisha akamkabidhi rafiki yake aiigize mbele ya kamera. Nashangaa Greg hakukimbia. Wala si malaika: mwaka 2013, pamoja na Tom Bissell, alitoa kitabu kilichoanika vituko vyote hivyo.

Ililipa? (Msomaji, Mombasa)

Wiki mbili za kwanza iliingiza kama dola 1,800. Ila bango lake pale Highland Avenue, Los Angeles, lilikaa karibu miaka mitano, na watu wakaanza kujazana kwenye maonyesho ya usiku wa manane, wakirusha vijiko vya plastiki kila picha ya kijiko iliyo kwenye fremu mezani sebuleni kwa Johnny inapoonekana. Tommy siku hizi husema ni vichekesho vya makusudi. Mimi hapo hanipati.

Bado wanaelewana? (Msomaji, Dodoma)

Wameendelea kufanya kazi pamoja. Mwigizaji James Franco aligeuza kitabu kile kuwa filamu mwaka 2017, akashinda tuzo ya Golden Globe, akamwita Tommy jukwaani na kumzuia kwa mkono asishike maikrofoni. Greg naye aliandika filamu ya Best F(r)iends: yeye ni mzururaji asiye na makazi, Tommy ni mtayarisha maiti anayemwokota mtaani. Ubora? Afadhali kidogo.