Dogo wa fildi, usipige picha jalada la ofisi

Dogo, umeniuliza fildi yako ya sheria, yaani mafunzo kwa vitendo, ukaifanyie ofisi gani ya Serikali, Dodoma au Dar es Salaam, posho ikoje na uvae nini. Hayo yasubiri. Katikati ya swali lako umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba umeshauriwa uwe unapiga picha majalada kwa simu ili usiku ukaandike ripoti hosteli. Usifanye hivyo. Hata ukurasa mmoja. Aliyekushauri anakupeleka kulekule nilikopelekwa mimi.

Nilifanya fildi kwenye ofisi moja ya Serikali, upande wa mashauri ya madai. Siku ya kuripoti nilipewa fomu ya kutunza siri nikaisaini bila kuisoma, mwanafunzi wa sheria mzima. Kaka mmoja aliyetutangulia chuoni alikuwa ameshatuhakikishia kwamba ripoti isiyo na viambatanisho hupewa alama za huruma, na kwamba mawakili wa Serikali hawajali, eti wao wenyewe wanatumiana nyaraka kwa simu. Baadaye nikaja kujua kwamba hakuwahi kufanya fildi serikalini. Yake aliifanyia kwa wakili wa kujitegemea. Alisema mbele ya darasa zima kwa sauti ya mtu anayejua, na hakuna aliyemuuliza, "Wewe ulikuwa ofisi gani?" Mpaka leo linaniudhi. Na mwongozo wa chuo nao ulisema "ambatanisha ushahidi wa kazi" ukaishia hapo, kana kwamba kazi ya wakili ni picha za ukuta uliopakwa rangi.

Jalada lenyewe lilihusu mwananchi aliyefungua shauri la fidia ya ardhi dhidi ya halmashauri. Utakutana na mambo haya wiki ya kwanza, kwa hiyo elewa: tangu marekebisho ya 2020, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka hata anayeidai halmashauri atoe notisi ya siku 90 na amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asipomuunganisha, shauri lina kasoro ya kuliangusha. Mdai wetu hakumuunganisha. Ndani ya jalada kulikuwa na dokezo, yaani andiko la ndani ya ofisi, la msimamizi wangu kwenda kwa mkuu wake: tuweke pingamizi la awali, hoja ya kutaka shauri liondolewe kabla halijasikilizwa, na tutalijenga hivi na hivi.

Nikalipiga picha. Usiku nikaitupia kwenye kundi la kujisomea la WhatsApp, nikiuliza kama kasoro ile inaponyeka. Swali zuri kabisa la kitaaluma, ila karatasi haikuwa yangu. Mmoja akamtumia mwenzake, naye akamtumia mwingine aliyekuwa akifanya fildi kwenye ofisi ya mawakili. Tarehe ya kutajwa shauri, kabla pingamizi halijawasilishwa, wakili wa mdai akasimama akaomba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya. Siku chache baadaye ile picha ikafika kwenye simu ya msimamizi wangu mwenyewe: mwandiko wake, mhuri wa masijala, namba ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, kwenye kona.

Hakupiga kelele. Kitabu changu cha kumbukumbu hakikusainiwa, barua ikaenda chuoni, na nikarudia fildi mwaka uliofuata, wenzangu wakiwa wanaomba nafasi Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Hayo niliyabeba, yalikuwa yangu. Lakini msimamizi wangu, yule mama aliyekuwa akikaa nami baada ya saa za kazi akinifundisha kuandika kiapo aya kwa aya, aliandikiwa barua ya kujieleza kwa ajili ya picha niliyopiga mimi. Hilo sijalimaliza moyoni.

Sasa nisikilize. Karatasi ya ofisi haitoki ofisini, iwe mkononi, kwenye simu au kwenye barua pepe yako. Wakili wa Serikali ana mteja kama wakili mwingine yeyote, na dokezo lake ni siri ya mteja huyo. Tena majalada yana ripoti za hospitali, akaunti za benki, majina ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na sioni mahali inapomsamehe mwanafunzi aliyekuwa na haraka ya ripoti.

Ripoti iandikie palepale mezani, kwa kalamu, kabla hujaondoka. Andika ulichojifunza kufanya, siyo nani alimdai nani: "shauri la fidia ya ardhi kati ya mwananchi na halmashauri" inatosha. Ukihitaji kesi ya kuonyesha hoja, ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo wazi, bure, na mhadhiri hatakulaumu kwa kunukuu hukumu. Rasimu mpe msimamizi aisome na afute anachotaka kufuta, hata kama anafuta aya unayoipenda. Chuo kikidai viambatanisho, muulize yeye kipi kinaruhusiwa, akujibu kwa maandishi. Akikataa, peleka chuoni hayo maandishi ya kukataa. Hicho ni kiambatanisho tosha.

Kuhusu ofisi: ukitaka kuona mahakama kwenye madai, omba Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa 2018, jinai ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ukipenda mikataba na uandishi wa sheria, ni kwa Mwanasheria Mkuu. Kote huko majalada ni yaleyale.

Siku ya kwanza, ukishaonyeshwa meza, kabla hujashika jalada la kwanza, muulize msimamizi: "Ripoti yangu niiandikie wapi, na nani ataisoma kabla haijatoka?" Jibu lake liandike kwenye kitabu cha kumbukumbu siku hiyohiyo, mstari wa kwanza, naye asaini.