Ukianza kusoma dawa na kumbukumbu, uliza kwanza kidonge kilimezwa saa ngapi

Wiki yangu ya kwanza ya kupima kumbukumbu za watu niliharibu fomu. Kosa lenyewe nimeliona likirudiwa na karibu kila anayeanza, kwa hiyo naanzia hapo.

Mbele yangu alikaa kijana aliyejitolea, kameza kidonge saa mbili kabla. Kama ni dawa au ni kidonge bandia, mimi sikujua na yeye hakujua. Siri aliishika mtu wa tatu. Nikamsomea tarakimu 6, akazirudisha zote. Nikamsomea maneno 15, akanipa 7, mengi ya mwishoni mwa orodha. Tukapiga soga kidogo, anajibu vizuri, anatania. Pembeni mwa fomu nikaandika: "Kumbukumbu haina tatizo." Dakika 20 baadaye nikamwomba anitajie tena yale maneno. Akanitazama. "Maneno yapi?"

Hakusahau maneno tu. Tukio zima la kusomewa orodha halikuwamo kichwani mwake. Siri ilipofunguliwa ikajulikana kuwa alimeza lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi iliyo ukoo mmoja na diazepamu. Msimamizi wangu alisoma nilichoandika, akakipiga mstari, akaniuliza swali moja: "Na maneno uliyomfundisha asubuhi, kabla hajameza?" Hayo aliyakumbuka vizuri kabisa.

Hapo ndipo nilipoacha kusema dawa fulani "inaharibu kumbukumbu". Sentensi hiyo haina kazi mpaka useme ilitumika lini: kabla ya kujifunza, baada ya kujifunza, au wakati wa kuulizwa. Dawa ileile ikihamishwa saa chache tu inaweza kukupa jibu tofauti.

Kabla ya kujifunza ndiko kwenye madhara mengi yanayojulikana. Dawa za ukoo wa lorazepamu huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo. Kushika tarakimu chache kwa sekunde kadhaa hakuguswi sana. Kinachokwama ni kuzivusha zikae, kazi inayotegemea sana hipokampasi, sehemu ya ubongo inayounda kumbukumbu mpya. Midazolamu, ya ukoo huohuo, hufanya vivyo hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutumika kabla ya upasuaji: mgonjwa anaongea na madaktari, kesho yake mara nyingi hakumbuki kitu. Skopolamini, dawa ya ukoo mwingine, hupita njia nyingine: huziba milango ambayo seli hupokelea asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu. Mwaka 1974 watafiti Drachman na Leavitt waliwapa vijana wenye afya dawa hiyo, na matokeo yao ya kumbukumbu yakafanana na ya wazee. Kutokana na fikra za namna hiyo ndipo watu walipozidi kuitazama asetilikolini katika ugonjwa wa Alzheimer.

Pombe nayo iko hapa, na ndiyo inayochanganya wageni kuliko zote. Pengo la mlevi, yaani ile hali ya kutokumbuka kesho yake yaliyotokea akiwa amelewa, silo kuzimia. Aliyezimia kalala chini. Mwenye pengo anatembea, analipa, anabishana, pengine anasimulia kisa kirefu, ila ubongo hauandiki. Hutokea zaidi kilevi kinapopanda haraka kwenye damu, kwa mfano mtu akinywa kwa pupa tumbo likiwa tupu, kwa hiyo usiulize idadi ya glasi pekee, uliza na muda. Mapengo yenyewe ni ya aina mbili. Lipo la jumla, ambalo hata umkumbushe vipi hakirudi kitu, kwa sababu hakikuwekwa. Lipo na la viraka, ambalo ukidokeza kidogo vipande vinarudi. Shida ni kwamba kidokezo kinaweza pia kupanda mbegu. Ukimwambia "si ulikuwa umekaa karibu na dirisha?", keshokutwa atakuapia dirisha. Mwache aseme yote kwanza, uyaandike kwa maneno yake, ndipo udokeze, na majibu ya baada ya kidokezo yakae kwenye safu yake.

Kuhusu bangi, usihesabu tu maneno aliyopata. Mtu aliyetumia THC, kemikali ya bangi inayolewesha, huweza kukumbuka pungufu kidogo tu ya wenzake, ukadhani mambo ni shwari, kumbe ametaja pia maneno ambayo hayakusomwa kabisa. Weka mitego. Soma "kitanda, shuka, ndoto, koroma, piga miayo", kisha umuulize kama "usingizi" lilikuwamo. Na mitego itungwe kwa lugha yako mwenyewe, usiazime orodha ya wengine. Mimi niliwahi kuingiza "mto" nikiwaza wa kulalia, mshiriki akanirudishia "maji" na "daraja". Alikuwa na haki yake. Siku nzima ya kazi ikaenda na mto huo.

Kwa watumiaji wa kila siku, andika pia ni lini walivuta mara ya mwisho. Katika utafiti wa Pope na wenzake wa mwaka 2001, wavutaji wa siku nyingi walikuwa nyuma kwenye kukumbuka maneno siku za mwanzo za kuacha, lakini kufikia siku ya 28 tofauti na wengine haikuonekana tena. Usilichanganye hilo na ugonjwa wa Korsakoff, upotevu mkubwa wa kumbukumbu unaowapata baadhi ya wanywaji wa miaka mingi. Kule kinachoua sehemu za ubongo ni upungufu wa vitamini B1, na hali huweza kubaki hata pombe ikiachwa.

Sasa baada ya kujifunza. Hapa ndipo wanafunzi hunibishia. Mtu akisoma orodha akiwa timamu, kisha akanywa, kesho yake anaweza kuikumbuka orodha ile kuliko asiyekunywa. Parker na wenzake walilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na limeonekana tena. Maelezo ninayoyaona yana mantiki ni kwamba pombe imefunga mlango: ya usiku ule hayakuingia kuja kuyasonga ya mchana. Ndiyo, nimesema. Hapana, usiende kuijaribu kabla ya mtihani. Kinachoibwa usiku hakirudishwi, na usingizi mbovu una gharama zake.

Wakati wa kuulizwa, kuna habari ambayo kila mgeni huipenda: uliyojifunza ukiwa umelewa utayakumbuka zaidi ukilewa tena. Goodwin na wenzake walipima hivyo mwaka 1969, na jambo lenyewe lipo. Ila ni dogo kuliko linavyosimuliwa. Huonekana mtu akiachwa akumbuke mwenyewe, na mara nyingi hufifia akipewa vidokezo. Tena halijawahi kumaanisha kwamba mlevi wa nyakati zote mbili anamshinda aliyekuwa timamu nyakati zote mbili.

Jambo lingine ambalo fomu nyingi hulisahau ni usingizi. Dawa ikimsinzisha mtu, maneno hayamfikii, na hilo ni tatizo la umakini kabla halijawa la kumbukumbu. Pima usinziaji kando. Ikiwezekana, linganisha na dawa inayosinzisha kwa njia tofauti.

Na usimdharau aliyepewa kitu bandia. Mwaka 2003 Assefi na Garry waliwapa watu toniki tupu, kinywaji kisicho na kilevi, nusu wakaambiwa ina vodka. Walioamini wamekunywa vodka walipotoshwa kirahisi zaidi na habari za uongo kuhusu tukio walilolitazama, na bado walijiamini zaidi. Hakukuwa na tone la pombe.

Yule kijana wangu alirudi baada ya wiki mbili kwa kikao cha pili. Safari hii alilalamika tangu mwanzo: kichwa kizito, macho yanafunga, hii ya leo kali kuliko ya siku ile. Nikaandika alichosema, neno kwa neno, na pembeni sikuongeza kitu. Baada ya dakika 20 akanitajia maneno 11. Siri ilipofunguliwa, ndiyo ilikuwa siku yake ya kidonge bandia.