Jibu: Ridhaa ya nani inahesabika kwenye ghala la taka za nyuklia?

Salaam mkuu. Umekwama hapa: halmashauri ya mji imekubali ghala, ngazi ya juu yake imekataa, na hujui neno la nani ndilo la mwisho.

Anza na sheria, kura za maoni baadaye. Nani ana kura ya turufu, na nani anaweza kuipindua? Finland, manispaa ikikataa, mambo yameisha. Manispaa ya Eurajoki ilikubali ghala Januari 2000 kwa kura 20 dhidi ya 7, Bunge likathibitisha 2001. Marekani ni kinyume: gavana wa jimbo la Nevada alipinga ghala la Yucca Mountain 2002, Kongresi ikampindua mwaka huohuo. Turufu ya namna hiyo ni pambo tu.

Kesi yako hasa ni Cumbria, Uingereza, Januari 2013: halmashauri za wilaya za Copeland na Allerdale zilisema ndiyo, kaunti iliyo juu yao ikasema hapana, mchakato ukafa, maana ilikubaliwa kwamba ngazi zote mbili lazima ziridhie. Kwa hiyo tafuta hati ya mwanzo uone imetaja nani kwa jina. Kama haijataja, msiendelee na utafiti wa miamba ya kuzikia taka hadi itaje.

Kisha angalia haki ya mji kujitoa kwenye mradi: inaishia hatua gani? Mara nyingi inakatika kabla ujenzi haujaanza, na watu hushtuka wakiwa wamechelewa.

Pesa nazo. Uswidi, manispaa ya Östhammar ililipiwa kazi ya kuchunguza mradi kutoka mfuko wa taka za nyuklia, iwe itakubali au itakataa. Fedha zinazotoka baada ya “ndiyo” pekee, wapinzani wataziita hongo, na sidhani watakuwa wamekosea.