Udaktari nilisoma China, mikono niliipatia Bombo

Mama, shikamoo. Umeuliza: mwanao wa Chumbageni kapata nafasi ya udaktari China, je, hospitalini kule atafundishwa kweli au atarudi na cheti na picha za theluji? Mimi mtoto wa Makorora, hapa hapa Tanga, nimekaa China miaka sita, wa mwisho wote wodini. Nakueleza yaliyonikuta mimi, wengine watakuja na yao.

Darasani asikutie wasiwasi. Masomo ni kwa Kiingereza na vifaa vipo. Kasheshe huanzia mlango wa wodi, maana mgonjwa hajui Kiingereza, na wakati mwingine hata Kichina cha darasani hakielewi. Nilifaulu HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, daraja la 4, maneno kama 1,200, nikajiona nimeiva. Siku ya kwanza wodi ya moyo, bibi mmoja kanishika mkono, akamwaga maneno bila kituo. Sikuambulia hata moja. Mwenzangu Mchina akacheka: bibi anasema lugha ya kijijini kwao. Ni kama mgeni aliyesoma Kiswahili cha kitabuni, halafu akutane na mzee wa Lushoto anayeeleza tumbo linavyomsokota kwa Kisambaa.

Sasa ukiwa humwelewi mgonjwa, unageuka pambo. Raundi ya asubuhi profesa mbele, madaktari wake, wanafunzi wa Kichina, sisi wageni mkiani tukichungulia juu ya mabega. Faili liko kwenye kompyuta, herufi zote za Kichina. Ukishika sindano, mgonjwa anamwita mwanawe aje amnusuru. Sikumlaumu, hata mimi ningekataa. Tena kanula, kile kimrija cha dripu mshipani, kule ni kazi ya manesi. Mwaka mzima wa vitendo, nilizoweka kwa mkono wangu hazifiki tano.

Macho lakini yalishiba. Wagonjwa wa kiharusi, saratani, homa ya ini, kwa wingi ambao sikuwahi kuuona, na vipimo havisubiri fundi atoke Dar.

Halafu kuna siku ya malaria. Profesa alituonyesha slaidi ya vimelea kama mtu anayeonyesha mnyama aliyetoweka (Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha China kuwa haina malaria tena). Nikanyoosha mkono: mimi nimeugua mara sizihesabu. Darasa zima likanigeukia. Akanisimamisha nieleze baridi inavyotangulia, viungo vinavyouma, mdomo unavyokuwa mchungu. Jambo la kuchekesha ni kwamba dawa ya mseto tunayomeza huku Tanga chimbuko lake ni kwao: mwanasayansi wao Tu Youyou aliipata artemisinini, kiini cha dawa hiyo, kwenye mmea wa dawa za jadi za Kichina, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wao wana dawa, sisi tuna mbu.

Mikono niliipata likizo ya mwaka wa nne. Niliandika barua, nikakubaliwa kujitolea Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Wodi ya watoto, mtoto wa selimundu anahitaji dripu, na mama yake ananitazama kwa imani, "daktari wa China". Nikachoma, nikakosa. Nikachoma tena, nikakosa. Jasho! Nesi mmoja mtu mzima akanisogeza taratibu kwa kiwiko: "Mwanangu, mshipa hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kidole." Akanishika kidole changu, akakiweka juu ya mshipa. Nikausikia. Kila likizo baada ya hapo nilirudi kwake.

Kwa hiyo mama, hela ya nauli ya likizo itenge mapema kama unavyotenga ada. Kichina aanze sasa hivi akiwa nyumbani, asingoje kufika. Mpitie Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla hajaondoka, mpate barua ya kutokuwa na pingamizi na uhakika kwamba chuo kinatambulika. Akirudi, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika la kumsajili na mwaka wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na hapo hakuna atakayejali picha za theluji.

Na kabla hujalipa hata senti, akiulize chuo swali moja: mwaka wa mwisho, mwanafunzi mgeni anapangiwa wagonjwa wake mwenyewe wa kuwahoji na kuwapima, au anasimama kutazama? Wakilizungusha jibu, atafute chuo kingine.