Alichomwa Dawa Gani?

Siku tatu kabla ya harusi ya binti wa shangazi yangu, hapa Tanga, wanawake tulikusanyika nyumbani kwao Chumbageni kumsinga bibi harusi. Baada ya magharibi akaletwa mama mmoja aliyetambulishwa kwetu kuwa fundi wa urembo kutoka Dar es Salaam. Alifungua mkoba wake mezani, kando ya sahani za sambusa, akaeleza kwamba anajaza midomo na kuondoa mikunjo ya uso kwa sindano, na kwamba wakijitokeza watano bei itapungua. Dada yake bibi harusi alikuwa wa kwanza kukaa kitini.

Kabla ya usiku wa manane mdomo wake wa juu ulikuwa umepauka upande mmoja, kisha ukaingia rangi ya zambarau, na maumivu yalimliza. Hospitalini daktari aliuliza swali moja: alichomwa dawa gani? Tulikuwa wanawake sita pale, na hakuna aliyekuwa na jibu. Simu ya fundi haikupatikana tena.

Swali lile lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani, kwa sababu sindano hizi si za aina moja. Ile ya mikunjo, ambayo wengi huiita Botox, ni sumu ya bakteria inayolegeza misuli kwa miezi mitatu au minne. Kabla ya kutumika huhifadhiwa kwenye jokofu, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikikosewa kipimo au ikisambaa, kope huanguka, na mara chache mgonjwa hushindwa kumeza au kupumua. Ile ya kujaza midomo ni jeli. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu huuziba, ngozi inayolishwa na mshipa huo huanza kufa, na ikifika kwenye mishipa ya jicho mtu anaweza kupofuka. Jeli ya asidi ya hailuroniki inaweza kuyeyushwa kwa dawa iitwayo hailuronidezi, ikiwahiwa. Silikoni ya maji haiyeyushwi na chochote.

Hata hivyo, linaloniumiza zaidi ni namna sherehe yenyewe inavyomfunga mtu mdomo. Mtoa huduma makini huuliza faraghani kama una ujauzito, kama una mzio, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ni nani atakayetaja mimba ya wiki sita, au dawa anazomeza kwa siri, mbele ya mawifi na majirani? Nani atauliza kama sindano ni mpya, au kama kichupa kilichofunguliwa kwa mwenzake ndicho anachochomewa yeye, wakati virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C hupita kwa njia hiyo hiyo? Mimi mwenyewe nilinyamaza, nikiogopa kuitwa mwenye wivu, na jambo hilo ninalijutia hadi leo.

Kwa hiyo ninakuomba, dada yangu, ukiitaka huduma hii ifuate mchana, kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mwenye dawa ya kuyeyusha jeli hapo hapo alipo. Kasha lifunguliwe mbele yako, uandike jina la dawa na namba ya toleo, na kama una shaka uiulize Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iwapo imesajiliwa.

Na ikiwa umekwisha kuchomwa, kisha ngozi ikapauka, maumivu yakazidi au macho yakafifia, usisubiri kuche. Nenda hospitali na kasha na kichupa, hata kama vimetupwa. Sisi tulipekua pipa la taka alfajiri ile kwa mwanga wa simu, tukapata kifuniko kimoja cha mpira kisicho na maandishi yoyote.