Kabla hamjamwita mwendawazimu, ulizeni lilianzaje

Mtu anaweza kuona visivyoonekana, akapiga kelele na kumkana mama yake mzazi, na kumbe kinachoumwa ni ubongo. Huku kwetu Unguja na Pemba husomewa kwanza, akishindikana hupelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na homa aliyoanza nayo haitajwi tena. Homa ile ndiyo habari yenyewe.

Maradhi ya akili mara nyingi hunyemelea kwa wiki au miezi: kujitenga, kukosa usingizi, kushuku watu. Aliyekuwa mzima Ijumaa na Jumatatu hajitambui, tena ana homa, kichwa kinamuuma au shingo imekaza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwambieni ataje siku za wiki kinyumenyume. Akishindwa, na hali yake asubuhi nafuu jioni imechafuka, mwelezeni daktari hivyo hivyo. Ombeni apimwe sukari, malaria, Ukimwi na kaswende. Wakitaka kutoa maji ya uti wa mgongo, tafadhalini msikatae kwa kuogopa kupooza: sindano huchomwa chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu, ulio ndani ya uti, unapoishia.

Kinachodanganya zaidi ni kifafa, kwa sababu si kila kifafa humwangusha mtu. Kipo cha kuduwaa: macho yamekaza, mdomo unatafuna na hakuna kitu, vidole vinafinyafinya pindo la kanga, akiitwa haitiki. Baada ya dakika moja au mbili kinaondoka, anabaki kachanganyikiwa, hakumbuki lolote. Basi huambiwa ana shetani. Mrekodini kwa simu, uso na mikono yote miwili ionekane, mpaka azinduke. Msiidharau video hiyo, maana kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi na kifafa kipo. Na kama alipata vifafa mfululizo, akatulia siku moja au mbili, ndipo akaanza maneno ya ajabu, vitajeni vifafa vile. Daktari asiyeambiwa ataona wazimu mtupu.

Akichomwa sindano ya kutuliza kisha mwili ukakakamaa, homa ikapanda na jasho likamtoka, rudini usiku huo huo, na asipewe dozi nyingine kabla ya kuonwa na daktari.

Mzee aliyeteleza chooni wiki kadhaa nyuma, sasa anasinzia ovyo na kupotewa na maneno, msiseme ni uzee. Damu inaweza kuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu. Aombewe skani ya kichwa.