Dola ya 1893 yenye picha moja tu: uweke dau au uache?

Mkuu, umeuliza hivi: kuna dola ya fedha ya Marekani, aina ya Morgan, ya mwaka 1893, iko kwenye mnada wa mtandaoni. Picha ni moja, tena ya upande wa kichwa. Maelezo yanasema "sarafu ya zamani, inauzwa kama ilivyo, hairudishwi", na mnada unafungwa kesho usiku. Jibu langu fupi: ukitaka, weka dau, lakini lisizidi thamani ya madini ya fedha yaliyomo ndani yake, basi. Jibu refu ni hili, maana somo hili mimi nimelilipia ada.

Sarafu yangu ya kwanza ya mnadani ilikuwa thaler, yaani sarafu kubwa ya fedha, ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria. Tangazo liliandikwa "Thaler 1780, fedha, hali nzuri sana". Nikahesabu miaka, nikaona ni zaidi ya karne mbili, moyo ukaanza kwenda mbio. Sikumuuliza muuzaji hata swali moja. Niliogopa nikiuliza nitamzindua, ajue anachokiuza! Tulipandishiana dau watu watatu mpaka dakika ya mwisho, nikaibuka mshindi kwa karibu mara nne ya bei ya fedha yake.

Ilipofika nikaipima: gramu 28 na ushee, kama inavyotakiwa. Ukingoni maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, chini ya kifua cha malkia herufi S.F. Kila kitu sawa, haikuwa feki. Kumbe malkia alifariki mwaka huohuo wa 1780, na thaler yake ikaendelea kupigwa, yaani kutengenezwa, kwa tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa pande za Bahari ya Shamu na Ethiopia walishaizoea na hawakutaka nyingine. Wien (Vienna) waliendelea kuipiga, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Rome, London, Paris, Brussels, hata Mumbai. Yangu ilikuwa ya juzijuzi. Nikamwandikia muuzaji kwa hasira, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Nimesema 1780. Kwani haijaandikwa 1780?" Imeandikwa. Nikafunga kompyuta nikalala.

Tangu siku hiyo tangazo nalisoma kwa yale lisiyoyasema. "Rangi ya fedha" si fedha. "Fedha ya Kijerumani" ni shaba, nikeli na zinki, fedha haimo hata chembe. "Mtindo wa Morgan" maana yake si Morgan. Halafu kuna yule anayeandika "sijui lolote kuhusu sarafu, hizi ni za marehemu babu". Ingia uone alivyouza huko nyuma, utakuta sarafu mia tatu na bado zinaingia mpya kila wiki. Babu gani huyo asiyeisha?

Kwa hiyo kabla ya dau, mwandikie muuzaji leo hii. Mwombe picha ya upande wa nyuma, picha ya ukingo, uzito kwa gramu hadi desimali mbili, na kipenyo. Morgan halisi ina gramu 26.73 na milimita 38.1. Iliyochakaa itapungua kidogo, lakini akikutajia gramu 23 huna haja ya kuendelea na mazungumzo. Akisema hana mizani, sawa, si kosa. Akikaa kimya au akaja juu, hilo nalo ni jibu.

Na picha yenye ukungu usiichukulie kuwa bahati mbaya tu. Sarafu iliyosuguliwa ili ing'ae hubaki na mikwaruzo myembamba kama nywele, na wakusanyaji wanaikimbia hata kama ni halisi. Mikwaruzo hiyo picha mbaya huifuta yote.

Sasa hiyo yako. Mwaka 1893 Morgan zilipigwa sehemu nne, na herufi ndogo kwenye sarafu ndiyo inayoonyesha ilikopigwa: Philadelphia, ambayo haina herufi, New Orleans (O), Carson City (CC) na San Francisco (S). Ya S zilipigwa 100,000 tu, na hiyo ndiyo inayowatia watu wazimu. Herufi yenyewe iko upande wa nyuma, chini ya fundo la shada, juu kidogo ya neno DOLLAR. Yaani upande uleule ambao muuzaji hakuupiga picha! Labda ni uvivu. Labda anajua kwamba usipoiona S utajichorea mwenyewe kichwani.

Hata akikutumia picha na S ipo, tulia kwanza. Wapo wanaobandika S kwenye sarafu ya Philadelphia. Bahati nzuri, za S zote za kawaida zilipigwa kwa chapa (muhuri wa chuma wa kupigia sarafu) moja tu ya upande wa kichwa, na chapa hiyo ilikuwa na dosari: kwenye neno LIBERTY, ndani ya herufi T, sehemu yake ya juu, kuna mstari mdogo wa mshazari uliotuna. Mwombe picha ya karibu ya T hiyo. Mstari ukikosekana kwenye sarafu ambayo haijachakaa sana, hiyo S imetoka kwingine.

Ukishainunua, usiridhike na sumaku peke yake, kwa sababu shaba na zinki nazo hazinaswi. Weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa kitako wala kingo. Morgan ya fedha itasoma karibu gramu 2.6. Ya shaba iliyopakwa fedha itakaribia 3. Mimi nimewahi kupata 3.1, na ile sarafu sasa inazuia mlango usijifunge.

Kingine, kabla hujaandika dau, soma masharti ya mnada. Wengi huongeza asilimia juu ya bei ya ushindi, kisha kuna usafirishaji na ushuru. Ondoa hayo yote kwenye kiwango chako kwanza.

Akikutumia picha ya nyuma kabla ya kesho usiku, ilete hapa tuitazame pamoja.